Je, Yafaa Mtu Kuchagua Jirani?

Swali la mwezi huu tumeletewa na mama mmoja wa parishi yetu, na kwa kuwa tumeona si la nyumba yake peke yake, tumemwomba ruhusa tulijibu hapa. Binti yake ni mfamasia. Yuko Marekani mwaka wa tisa sasa, na amepata kazi mpya katika mji wa Chicago. Mshahara ni mzuri, kazi anaipenda, mume amekubali kuhama. Kilichobaki ni mahali pa kukaa, na hapo ndipo usingizi ulipopotea. Amemwandikia mama yake kwamba anatafuta mtaa ambao mwanawe wa miaka saba hatakuwa mweusi pekee darasani, wala mumewe hataitiwa polisi kwa sababu tu ametoka jioni kunyosha miguu. Tena shule iwe nzuri, na safari ya kazini isimalize siku. Mwishoni akauliza: Mama, nikichagua majirani namna hii, je, si ubaguzi ule ule tunaoulaumu?

Wazee wa ukoo wamekwisha kutoa majibu mawili. Mjomba asema, akae palipo pazuri, fedha yake ni sawa na ya Mzungu, aogope nini? Shangazi asema, akakae na weusi wenzake, mambo yaishe. Yote mawili yamesemwa kwa upendo, na yote mawili yamesemwa na watu walio mbali sana na mlango utakaobishwa hodi. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu kwa miaka mingi tulizoea kuwaambia wanachuo kwamba jibu la haraka lipimwe mara mbili. Basi na tuyapime. (Tunaposema mtaa hapa, twasema mtaa wa nyumba, si mtaa wa kanisa, ijapokuwa msomaji akitaka kuyafikiria yote mawili hatutamzuia.)

Kwanza tuelewe mitaa ya kule ilitokeaje. Wengi hudhani kwamba watu wa rangi moja walikusanyika kwa kupenda kwao. Sivyo ilivyokuwa. Katika miji mingi ya Marekani hati za nyumba ziliandikwa sharti kwamba nyumba isiuzwe wala isipangishwe kwa mtu mweusi, na mahakama zilisimamia sharti hilo mpaka mwaka 1948, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba lisitekelezwe tena na mahakama yoyote. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali lilichora ramani za miji zaidi ya 200, na mitaa ya weusi ikapakwa rangi nyekundu, maana yake hapa ni hatari kukopesha. Aliyekaa ndani ya wekundu ule alipata taabu kukopa, iwe ni fedha ya kununua nyumba au ya kutengeneza paa. Na paa lilipooza watu walisema, mnaona, weusi hawatunzi nyumba. Madalali nao walipata riziki humo. Walimwuzia mweusi mmoja nyumba moja, wakapita kwa majirani Wazungu kuwatia hofu wauze upesi kwa hasara, kisha wakaziuza nyumba zile zile kwa weusi wengine kwa bei ya juu. Sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ilitiwa sahihi tarehe 11 Aprili 1968, juma moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Mwaka 1966 King mwenyewe alikuwa amehamia nyumba ya kupanga upande wa magharibi wa Chicago ili ayaonje maisha hayo, na katika maandamano ya mwezi wa Agosti mwaka huo alipigwa jiwe kichwani katika mtaa wa Wazungu.

Wazee wetu hawatashangaa sana. Dar es Salaam ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na majina hayo hayakuota yenyewe kama magugu. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyogawa mji kwa kanuni zake za ujenzi. Tofauti ni kwamba huku aliyegawa alifunga mizigo akaenda zake. Kule wajukuu wa waliogawa na wajukuu wa waliogawiwa wamebaki pamoja, na hukutana kila siku dukani.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, kukaribishwa. Katika lugha yetu anayebisha hodi ni mgeni, na anayeitikia karibu ni mwenyeji. Binti wa mwenzetu ni mgeni kweli. Kazaliwa hapa, kaenda kule kwa ndege. Lakini mfikirie Percy Julian. Alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1899, mjukuu wa watumwa, akasoma mpaka akawa mwanakemia mkubwa. Mwaka 1935 aliweza kutengeneza dawa ya macho iitwayo fisostigmini, na baadaye akapata njia ya kutengeneza homoni kwa wingi kutokana na maharage ya soya. Mwaka 1950 alinunua nyumba Oak Park, mji mdogo unaopakana na Chicago upande wa magharibi. Kabla familia haijahamia, siku ya Sikukuu ya Shukrani, watu walijaribu kuiteketeza nyumba kwa moto. Mwaka uliofuata wakairushia baruti. Mtu ambaye babu zake waliilima nchi ile bila mshahara alikuwa akibisha hodi kwao, na aliyejifanya mwenyeji huenda baba yake alishuka melini juzi tu.

Ndiyo maana twaona kwamba maneno haya, mtaa unaokaribisha, yana kasoro ndani yake, ijapokuwa tutaendelea kuyatumia kwa kukosa mengine. Mtu hukaribisha nyumbani mwake. Barabara, shule, maktaba na bustani ya watu wote si sebule ya mtu, wala hakuna aliyepewa kazi ya kusimama mlangoni pa mtaa akiamua nani apite. Anayetafuta mtaa wa kumpokea haombi fadhila. Anatafuta mahali ambapo haki yake haitamgharimu kila asubuhi.

Julian hakuhama. Alikesha usiku pamoja na mwanawe kuilinda nyumba, akakaa Oak Park mpaka alipofariki mwaka 1975, na leo shule moja ya mji ule ina jina lake. Tunaye pia mwalimu mwenzetu wa kumtaja, Daisy Myers. Mwaka 1957 yeye na mumewe na watoto wao watatu walikuwa familia ya kwanza ya weusi kuhamia Levittown, Pennsylvania, mji mpya ambao nyumba zake ziliuzwa kwa Wazungu tu. Umati ulisimama nje usiku baada ya usiku, jiwe likavunja dirisha. Lakini walikuwapo pia majirani waliokuja kukaa nao ndani na kuwasaidia. Mjomba akisikia haya atasema, si nimewaambia? Twawaheshimu watu hawa, na laiti wangefundishwa katika kila shule. Hata hivyo kumheshimu shujaa ni jambo moja, na kumpangia mtu mwingine ushujaa ukiwa umekaa barazani pako ni jambo jingine kabisa. Ushujaa ni sadaka, haudaiwi kama kodi. Tena anayelipa si mtu mzima peke yake. Mtoto wa miaka saba anayeshikwashikwa nywele kila siku na wenzake, anayeulizwa kama kwao wanalala na simba, hakujiandikisha katika vita hiyo, ameandikishwa.

Kwa hiyo twasema waziwazi kwamba kutafuta amani ya nyumba yako si woga. Lakini msomaji mkali atauliza: Mzungu aliyeuza nyumba yake akimkimbia mweusi naye si alikuwa akitafuta amani ya nyumba yake? Naye alichagua jirani. Tofauti iko wapi? Swali hili ni zuri, na tukilikwepa yote tuliyoandika hayana uzito. Jibu letu ni hili. Yule anayekimbia amemhukumu jirani kabla hajamjua, kwa kitu ambacho jirani hawezi kukivua. Hata jirani angekuwa malaika asingemfaa. Binti huyu hamhukumu mtu kwa rangi. Anawapima watu kwa jinsi watakavyomtendea, na yeyote atakayemtendea kama mtu, awe Mzungu, Mhindi au Mmeksiko, anamfaa. Tena waliokimbia hawakuondoka mikono mitupu. Waliondoka na maduka, na mikopo ya benki, na fedha za shule, kwa maana shule za Marekani hutegemea sana kodi za nyumba za pale pale. Yeye akichagua mtaa huu badala ya ule, ni nani aliyefungiwa mlango? Hatumwoni.

Tumgeukie shangazi. Shauri lake lisidharauliwe hata kidogo. Ipo wilaya ya Prince George's, Maryland, jirani na Washington, ambayo tangu sensa ya 1990 wengi wa wakazi wake ni weusi, na humo wamejaa madaktari, wanasheria, walimu na watumishi wa serikali waliojichagulia kukaa hivyo, wengine wakiwa na uwezo wa kukaa popote. Mtoto humo humwona mwalimu mkuu mweusi na daktari mweusi na mwenye duka mweusi, wala haoni ajabu. Mtu akirudi jioni huvua kazi kama anavyovua viatu. Hahitaji kumweleza jirani yeye ni nani. Sisi Waanglikana tunao mfano wa zamani wa jambo hili. Huko Philadelphia, Absalom Jones na wenzake walitaka kuondolewa mahali walipopiga magoti wakisali, kwa sababu hapakuwa pa weusi. Wakatoka, na mwaka 1794 wakafungua kanisa lao la Mtakatifu Thomas, lililopokelewa na Waanglikana wa Marekani. Nani atawaambia walikosea? Lakini na gharama ipo. Nyumba za mitaa ya weusi mara nyingi hukadiriwa thamani ya chini, na msukosuko wa mikopo ya nyumba wa mwaka 2008 uliwapiga watu wa Prince George's vibaya. Shangazi asema mambo yaishe; hayaishi, yanabadili sura tu.

Umebaki mtaa uliochanganyika, ule anaoutaka binti. Hapa twaomba msomaji atuvumilie, maana tunaingia katika jambo ambalo hutufurahisha kuliko siasa zote. Mchumi mmoja Mmarekani, Thomas Schelling, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, alilieleza mwaka 1971 kwa mfano wa ubao wa drafti. Sisi tumelijaribu mezani kwa ubao wa mjukuu wetu na visoda vya rangi mbili. Vitawanye ovyo, uache nafasi kadhaa tupu. Kisha weka kanuni: kila kisoda kimeridhika ikiwa angalau theluthi moja ya vinavyokizunguka ni vya rangi yake, na kisichoridhika huhamia nafasi tupu. Ona upole wa kanuni hii. Hakuna kisoda kinachomchukia mwenzake, na kila kimoja kiko radhi kuwa miongoni mwa wachache. Lakini kimoja kikiondoka huharibu hesabu ya waliobaki, nao waondoke, na wengine wafuate. Ukiendelea nusu saa utaona ubao umejigawa, rangi hii kona hii, rangi ile kona ile. Mjukuu alituuliza nani ameshinda. Ni kweli kwamba visoda havina benki wala dalali, na kule Marekani watu walisukumwa, hawakuteleza tu. Hata hivyo mchezo huu unatuonyesha kwamba moyo mzuri wa mtu mmoja mmoja hautoshi kuuweka mtaa pamoja. Mtaa uliochanganyika ukiachwa bila kutunzwa huchanguka, hata kama watu wake hawana ubaya.

Walioutunza walifanya nini? Turudi Oak Park. Ng'ambo ya barabara, upande wa mashariki, uko mtaa wa Chicago uitwao Austin, ambao katika sensa ya 1960 ulikuwa karibu wote wa Wazungu, na ilipofika sensa ya 1980 wengi wa wakazi wake walikuwa weusi. Watu wa Oak Park waliyaona haya kwa macho. Mwaka 1968 walipitisha kanuni ya mji ya kuzifungua nyumba kwa wote, na mwaka 1972 mwenyeji mmoja, Roberta Raymond, akaanzisha ofisi ya kuwashauri wanaotafuta nyumba za kupanga. Kazi yake ilikuwa ya ajabu kidogo. Mzungu alishauriwa aangalie pia upande wa mashariki ulio karibu na Austin, na mweusi alishauriwa aangalie pia sehemu nyingine za mji, ili pasiwe na kona ya weusi peke yao. Mwaka 1978 serikali ya mji ikaongeza ahadi ya bima kwa wenye nyumba walioogopa bei kuanguka. Leo, kati ya watu wapatao 54,000, karibu mmoja katika kila watano ni mweusi, katika mji ule ule uliomrushia Julian baruti.

Brooklyn, New York, walifanya vingine. Palijengwa nyumba za kupanga zaidi ya 5,800, zikaitwa Starrett City, na wapangaji walianza kuingia mwaka 1974. Wenye nyumba waliweka hesabu: weusi wasizidi kiasi fulani, Wazungu wasipungue kiasi fulani. Walisema nia yao ni kulinda mchanganyiko, na huenda walisema kweli. Lakini nyumba ya Mzungu ilipoachwa wazi alingojewa Mzungu, na mweusi aliyeomba aliambiwa asubiri, akasubiri muda mrefu kuliko Mzungu aliyekuja nyuma yake. Mwaka 1988 mahakama ya rufani iliamua kwamba jambo hili linavunja sheria ya 1968.

Sisi twaona mahakama ilitenda haki. Mchanganyiko ni kitu chema, lakini kitu chema kinapolipiwa na upande ule ule uliolipa siku zote, yafaa tuulize ni chema kwa nani. Mweusi aliyekaa kwenye foleni ili wengine wapate kujisifu kwamba mtaa wao una rangi zote amegeuzwa kisoda. Hata ushauri wa Oak Park hatuuoni kuwa safi kabisa, kwa kuwa kumshauri mtu kwa kumtazama ngozi ni kuhesabu pia. Ila pana tofauti kubwa: aliyeshauriwa aliweza kusema ahsante, mimi nataka nyumba ile pale, naye akaipata. Tena Mzungu naye aliombwa kitu. Aliombwa asikimbie, na aende kukaa pale ambapo wenzake waliogopa. Hapo mzigo umepata mabega mawili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi twaitumia methali hii kumsuta mgeni mvivu, lakini ina heshima ndani yake ambayo hatuitazami. Kumpa mtu jembe ni kumwambia shamba hili sasa ni lako pia. Ipo mitaa ya Marekani inayotabasamu sana, yenye vibao bustanini vya kukaribisha kila taifa, ambayo haijampa mweusi jembe: kamati ya shule haina hata mmoja, darasa la wanafunzi walioteuliwa kuwa hodari halina hata mmoja. Oak Park yenyewe haijamaliza kazi. Filamu ya mfululizo iitwayo America to Me, iliyoonyeshwa mwaka 2018, ilipigwa katika shule ya sekondari ya mji huo, nayo inawaonyesha wanafunzi weusi wakiingia mlango mmoja na Wazungu, kisha wakikuta mambo tofauti madarasani. Na kule Marin, California, familia moja ya weusi iliona nyumba yake imekadiriwa chini mno. Wakaondoa picha zao ukutani, rafiki Mzungu akasimama badala yao, na mkadiriaji wa pili akaipa thamani iliyozidi ile ya kwanza kwa karibu nusu milioni ya dola. Nyumba ilikuwa ile ile.

Basi binti afanyeje? Dalali asimtegemee kwa swali hili, maana sheria inamkataza kumwelekeza mteja kwa rangi, na aliye mwaminifu atakataa kumwambia nani anakaa wapi. Hesabu za sensa ziko wazi kwa kila mtu. Azisome, lakini akumbuke kwamba hesabu haimwambii kama watu wanasalimiana. Aende mwenyewe, zaidi ya mara moja, tena si Jumamosi ya maonyesho ya nyumba tu. Awatafute weusi waliokaa pale miaka kumi au ishirini, na miongoni mwao wapangaji, si wenye nyumba peke yao, awaulize ni nani aliyekuja siku walipofiwa. Aulize katika kamati ya shule na ya maktaba ni nani wamechaguliwa, na tangu lini. Aulize jambo lolote baya lililowahi kutokea pale, na asikilize kama wanalisimulia au wanalificha. Kisha siku ya kazi asimame karibu na shule saa tisa alasiri, watoto wanapotoka, atazame wanaondoka wakiwa wamechanganyika au wakiwa makundi mawili, na wale wa nyumba za jirani wanaingia kunywa maji kwa nani.